Kwa nini tunasema upendo wa Mungu ulionekana Krismasi, na si msalabani tu?

Mwalimu wa Kipaimara aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninafundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Tanga, na kila mwaka yakifika majuma ya Majilio hutenga vipindi viwili vya kueleza maana ya Krismasi. Kwa miaka mingi somo hilo halikunisumbua. Niliandika Yohana 3:16 ubaoni, tukaikariri pamoja, nikawaeleza vijana kwamba Mungu alitupa zawadi iliyo kuu kuliko zote, kisha tukahamia kwenye mazoezi ya igizo.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja, ambaye baba yake ni Mwislamu na mama yake ni Mkristo, aliniuliza swali ambalo nililijibu, lakini jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Alisema: "Mwalimu, Mungu aliumba dunia kwa kusema tu, 'Iwe nuru,' ikawa nuru. Kama alitaka kutusamehe na kutuonyesha kwamba anatupenda, si angesema tu, 'Nimewasamehe, nawapenda'? Kulikuwa na haja gani azaliwe?" Nikamwambia kwamba alizaliwa ili aje afe msalabani kwa ajili ya dhambi zetu. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi upendo uko kwenye Pasaka. Krismasi ni njia ya kupita tu."

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu niligundua kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha, ingawa sikuwahi kulisema kwa uwazi kama alivyolisema yeye.

Swali langu basi ni hili: je, kuzaliwa kwenyewe, kabla hatujafika Kalvari, kunatuambia nini juu ya upendo wa Mungu? Ninaomba majibu ambayo ninaweza kuyaeleza mbele ya vijana wa miaka 14 na 15, na ambayo baba yake yule kijana akiyasikia ataona kwamba swali la mwanawe limeheshimiwa, hata asipokubaliana nasi.

Katekista Mstaafu alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, lakini katika jambo hili sidhani kwamba tuna ugomvi.

Kwanza mpongeze kijana wako, kwa maana swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 1,600. Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, aliyekuwa shemasi wakati wa Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 na baadaye akawa askofu wa mji huo wa Misri, aliandika kitabu kizima juu ya Umwilisho wa Neno, yaani Mwana wa Mungu kufanyika mwili, na ndani yake anawataja watu wanaouliza kama alivyouliza kijana wako, karibu kwa maneno yale yale: ikiwa Mungu aliumba vitu kutoka pasipo kitu kwa agizo tu, kwa nini asimponye mwanadamu kwa agizo? Jibu lake ninalipenda kwa sababu halizunguki. Anasema kwamba hapo mwanzo hapakuwa na kitu chochote, kwa hiyo lilihitajika agizo la kukifanya kiwepo. Lakini mwanadamu alipokwisha kuwapo na kuharibika, kilichohitaji tiba hakikuwa tena kile kisichokuwapo, bali huyu aliyepo na anayeumwa. Ndiyo maana tabibu alikuja mahali alipo mgonjwa.

Ana mfano mwingine ambao vijana wataushika upesi zaidi. Tuseme picha ya mtu imechorwa juu ya ubao, kisha ubao ukachafuka hata sura haionekani tena. Mchoraji hautupi ubao. Mwenye sura huitwa aje aketi tena mbele yake, ili sura yake ichorwe upya juu ya ubao ule ule. Mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na mfano huo ukafutika. Basi mwenye sura akaja mwenyewe. Hapo ndipo ninapouona upendo katika kuzaliwa kwenyewe. Kutengeneza ubao mpya kungekuwa rahisi kwa Mwenyezi, naye hakufanya hivyo. Aliutaka huu huu tulio nao, wenye damu na mifupa na kitovu kinachokatwa.

Huyo huyo Atanasi anafananisha kuja kwa Bwana na mfalme mkuu anayeingia katika mji na kukaa katika nyumba moja tu: kwa sababu ya nyumba hiyo moja mji wote hupata heshima, na maadui na majambazi hawathubutu tena kuushambulia. Mungu akikaa katika mwili mmoja, miili yote imepata heshima. Ukimweleza hivyo kijana wa miaka 14, ambaye katika umri huo anauonea haya mwili wake mwenyewe, utakuwa umempa kitu ambacho agizo kutoka mbinguni lisingempa.

Katika liturujia yetu Misa ya alfajiri ya Noeli husomwa Tito 3:4, inayosema juu ya wema wa Mwokozi wetu Mungu "na upendo wake kwa wanadamu, ulipofunuliwa". Neno hilo "ulipofunuliwa" lina uzito, kwa maana upendo haukuanza Bethlehemu. Ulikuwapo, ila ulikuwa haujapata uso.

Kuhusu baba wa kijana, neno moja tu. Usimzungumzie kana kwamba hajawahi kusikia habari za Isa bin Maryamu. Sura ya 19 ya Kurani ina jina la Maryamu, na inasimulia uchungu wake wa kuzaa chini ya mtende. Tunapotengana naye ni pale Yohana anaposema, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Tofauti hiyo iseme kwa adabu, lakini usiipake rangi ili ionekane ndogo.

Mwinjilisti wa Mtaa aliandika:

Shalom, Mwalimu, na shukrani kwa Katekista kwa mafundisho mazuri. Pamoja na hayo ninaomba tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Kijana alikosea kusema kwamba Krismasi ni njia ya kupita tu, lakini anayeitenga Krismasi na msalaba hubaki na mtoto mzuri ndani ya majani makavu, na upendo wa Mungu hugeuka kuwa hisia ya msimu, kama harufu ya pilau inayokwisha tarehe 26.

Tazama Wafilipi 2. Paulo hasimami horini. Kristo "akatwaa namna ya mtumwa, akawa ana mfano wa wanadamu", kisha pasipo hata kupumua anaendelea kwamba "alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti, naam, mauti ya msalaba". Ni mteremko mmoja. Wachoraji wa picha takatifu wa Makanisa ya Mashariki waliliona hilo zamani, kwa maana katika picha zao nyingi za Kuzaliwa mtoto amefungwa vitambaa kama maiti iliyofungwa sanda, na hori yenyewe imechorwa mfano wa kaburi. Na 1 Yohana 4:10, mstari ambao wengi huukatia katikati, unasema: "Hili ndilo pendo, si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi, akamtuma Mwanawe kuwa kipatanisho kwa dhambi zetu." Kutumwa na kupatanisha vimo katika sentensi moja.

Kwa hiyo mimi ningemwambia kijana hivi: ulichokiona katika Pasaka kilianza Bethlehemu, na anayeweza kufa ni yule tu aliyezaliwa. Martin Luther katika mahubiri yake ya Krismasi alikuwa akirudia sana maneno haya ya malaika, "kwa ajili yenu". Hata shetani, kwa maana ya kujua habari, anajua kwamba Kristo amezaliwa. Imani huanza pale mtu anaposikia kwamba amezaliwa kwa ajili yake.

Mfasiri wa Pembezoni aliandika:

Ndugu zangu, nimefurahi kwamba Mwinjilisti amenukuu "pendo" na Katekista amenukuu "upendo", kwa sababu mimi kazi yangu ni maneno, na hapa maneno yetu ya Kiswahili yana la kusema.

Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, Yohana anasema kwamba "Mungu ni upendo", na mstari unaofuata anasema kwamba "pendo la Mungu lilionekana kwetu". Sidai kwamba wafasiri walikaa wakapanga tofauti hiyo. Hata hivyo sikio la mzawa linasikia kitu. Upendo ni hali, hauhesabiki, kama uzuri na utu. Pendo lina umbo, ni mwenzake tendo na neno, na lina wingi wake, ndiyo maana Wakatoliki wana Sala ya Mapendo. Mungu ni upendo, na huo hatuwezi kuuona. Lililoonekana horini ni pendo.

Lakini ninachotaka hasa kukisema ni juu ya ndugu yao wa tatu, yaani "mapenzi". Sisi tunayatumia mapenzi kwa mambo mawili yaliyo mbali: mapenzi ya mume na mke, na mapenzi ya Mungu, yaani matakwa yake. Waprotestanti husali "Mapenzi yako yatimizwe", na Wakatoliki husali "Utakalo lifanyike". Sasa fikirini ni wakati gani tunasema "ni mapenzi ya Mungu" katika maisha ya kila siku. Tunasema msibani. Tunasema gari lilipopinduka, mtoto alipofariki, mvua iliposhindwa kunyesha. Kwa miaka na miaka watoto wetu wamelisikia neno hilo likitamkwa kwa sauti ya chini, na macho yametazama ardhi. Kisha Desemba inafika, tunawaambia kwamba Mungu anawapenda, nao hawajui kwamba mzizi ni ule ule, -penda. Atakacho Mungu na akipendacho ni kimoja. Mtu akitaka kujua mapenzi ya Mungu yanafananaje, Krismasi inamwelekeza kwa mtoto anayenyonya. Ningependa vijana wasikie jambo hilo kabla ya kusimama tena kaburini na kuambiwa yale mengine.

Nina jambo la pili, nalo ni fupi zaidi. Malaika waliimba juu ya amani kwa "watu aliowaridhia". Hapo wafasiri wametumia kitenzi cha radhi. Katika malezi yetu, hasa huku Pwani, radhi hutafutwa. Mtoto huomba radhi za wazazi kabla ya safari, hutumikia ili asizikose, na aliyezikosa huhofia kwamba mambo yake hayatanyooka. Lakini wachungaji wale hawakuwa wamefanya lolote. Luka anasema tu kwamba walikuwa makondeni wakilinda kundi lao kwa zamu usiku, yaani walikuwa kazini. Radhi ziliwafuata zenyewe, hazikuombwa wala hazikulipiwa. Kwa Mswahili, habari hiyo ni ya ajabu kuliko nyota.

Mama wa Watatu aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine salamu.

Nimesoma yote kwa makini, na nina ombi moja kwa Mwalimu. Unapofundisha upendo wa Mungu wa Krismasi, usiishie Luka 2. Nenda pia Mathayo 2.

Najiita Mama wa Watatu, ingawa walio hai ni wawili. Mwaka tuliomzika wa tatu, niliketi ibada ya Krismasi na kusikia mahubiri yote ya furaha, na ninawaambia ukweli kwamba kila neno lilinipita kama upepo. Kilichonishika ni somo ambalo mtu alilisoma siku chache baadaye, la Herode kuagiza watoto wote wanaume wa Bethlehemu wenye miaka miwili na waliopungua wauawe, na Mathayo akamleta nabii Yeremia na kilio cha Rama: "Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Nilikuwa nimeisoma Biblia tangu utoto, na sikuwahi kuona kwamba kilio hicho kimo ndani ya habari ya Krismasi yenyewe, wala kwamba Mathayo hamkemei Raheli kwa kukataa kufarijiwa.

Sina jibu la kwa nini mtoto mmoja alipelekwa Misri usiku na wengine hawakupelekwa. Na ninaomba Mwalimu naye asilitunge, kwa maana katika darasa la vijana thelathini hakosekani mmoja ambaye nyumbani kwao kuna kaburi dogo, naye atatambua mara moja kwamba limetungwa. Ninachoweza kusema ni kwamba yule aliyeponyoka upanga wa Herode hakuuponyoka msalaba, na mama yake alisimama pale. Mfasiri amesema vizuri juu ya "mapenzi ya Mungu". Mimi niliambiwa maneno hayo mara nyingi mno wakati wa msiba wetu, na watu waliyasema kwa wema. Lakini nilipoweza kusali tena, sikusali kwa Mungu aliyepanga. Nilisali kwa Mungu aliyezaliwa mahali ambapo watoto hufa.

Katekista Mstaafu aliongeza:

Pole sana, mama. Marahaba, nami nakuitikia kwa heshima. Kanisa letu huwakumbuka watoto hao tarehe 28 Desemba, na huwaita Watoto Mashahidi. Siku mbili kabla, tarehe 26, ni sikukuu ya Stefano aliyepigwa mawe. Zamani nilifikiri kwamba kalenda hiyo imepangwa vibaya, kwamba ingetuachia walau juma moja la furaha tupu. Sasa sifikiri hivyo, na nadhani kwa hili Mwinjilisti naye atakubaliana nami.

Mwalimu wa Kipaimara aliandika:

Ndugu zangu, ninawashukuru, na kwako mama ninasema pole na asante. Nimebadilisha mpango wa kipindi cha pili. Igizo litafanyika, ila Herode hataondolewa kama tulivyokuwa tukimwondoa kila mwaka kwa kisingizio kwamba wadogo wataogopa.

Leo jioni nilikutana na yule kijana njiani, nikampa mfano wa ubao wa picha. Alisikiliza, kisha akauliza kama mwenye sura alipokuja kuketi mbele ya mchoraji naye alichafuka. Nikamwambia aje nalo darasani Jumamosi.

Kuna jambo lingine nililoligundua nikisoma Luka 2 upya, ambalo ninataka kulitumia kuonyesha jinsi alivyoshuka kweli kweli. Yusufu na Mariamu walipokwenda hekaluni, sadaka inayotajwa ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Walawi 12 inaeleza kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mwanamke asiyeweza kupata mwana-kondoo. Nitaliunganisha na 2 Wakorintho 8:9, kwamba "alikuwa maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri". Nitawauliza vijana bei ya mbuzi na bei ya kuku sokoni kwetu, wafanye hesabu wenyewe. Nitawaeleza kwamba Mwana wa Mungu alikombolewa hekaluni kwa bei ya njiwa wawili.

Katekista Mstaafu aliongeza:

Mwalimu, hesabu ya sokoni ni nzuri, endelea nayo. Sahihisha hilo la mwisho tu kabla ya Jumamosi. Njiwa walikuwa kwa ajili ya utakaso wa mama baada ya kujifungua. Ukombozi wa mzaliwa wa kwanza ni sheria nyingine, nayo iko Hesabu 18:16, na bei yake ilikuwa shekeli tano za fedha. Luka anazitaja desturi hizo mbili kwa pamoja, ndiyo maana wengi huzichanganya, hata mimi nilizichanganya mbele ya paroko wangu mwaka wa kwanza wa utumishi. Kijana wako huyo atakukamata.